Sanduku Kando ya Ukuta

Kisii Mjini,
3 Juni 1973

Ndugu yangu Owino,

Lile dubwana lilifika Alhamisi. Okemwa alilishusha kwenye lori lake likiwa limefunikwa magunia, kama ulivyomwagiza, tukalibeba wawili hadi chumbani kwangu. Mzee Onsongo alikuwa barazani. Akauliza, "Momanyi, hicho ni nini?" Nikasema ni sanduku la vitabu. Akasema, "Vizuri. Kijana anayesoma." Tangu hapo chakula hakinipiti kooni.

Wewe una duka lako la kutengeneza redio hapo Keroka na hakuna anayekuhoji, kwa hiyo labda huijui hali yangu sawasawa. Mzee Onsongo ni karani mkuu wa ofisi yetu ya ushirika wa pareto. Mimi ni karani wa mwisho kabisa. Yeye pia ndiye mwenye nyumba: chumba ninachopanga kimeshikana na nyumba yake, ukuta ni mmoja. Tena ni mzee wa kanisa la Kisabato. Mtu yule yule ananiona asubuhi nikinawa uso, mchana nikiandika, jioni nikianua nguo. Miezi yangu ya majaribio inakwisha mwisho wa Julai, na ni yeye atakayetia sahihi fomu ya kunithibitisha kazini, au asitie. Karani aliyenitangulia alitolewa chumbani na kazini katika juma moja. Watu wanasema kosa lake lilikuwa redio. Redio ya betri, Owino!

Sasa angalia. Yule bwana wa Kisumu anayerekodi santuri ameridhika na uimbaji wa Okemwa, lakini kabla ya kutuita tukarekodi anataka kusikia gita langu kwenye tepu, na si gita kavu. Anataka lililopita kwenye amplifaya, tena kabla ya katikati ya Julai. Dukani kwako hakuna stima. Stima iko hapa kwangu, pamoja na Mzee Onsongo.

Jana Jumamosi, jamaa yote ilipokuwa kanisani, niliiwasha hiyo amplifaya uliyoniletea. Nikiweka sauti kwenye mbili, gita linalia kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Kwenye tatu, nzi wawili. Ile sauti tamu, yenye mkwaruzo kidogo kama koo la mtu aliyetoka kulia, inaanza kwenye saba. Nimegusa saba mara moja tu, uzi mmoja. Kuku wa jirani waliruka ua. Nikazima, nikakaa kitandani nikingoja hodi.

Nifanye nini? Jibu kwa mkono wa Okemwa, usitumie ofisi. Barua za ofisini anazifungua yeye.

Wako mwenye mashaka,
Momanyi Nyasani


Keroka,
7 Juni 1973

Omera, ndugu Karani,

Nimecheka hadi mwenye redio iliyo mezani akadhani naicheka redio yake. Kwetu Kendu Bay mtu mwenye amplifaya huiweka mlangoni ili kijiji kijue anayo. Wewe umeificha kama pombe.

Haya, sikiliza fundi wako. Kwanza, usije ukaikata spika ukidhani amplifaya itapiga kimya kimya. Ikipiga bila spika, inaunguza transfoma yake yenyewe, na ile transfoma hata nikiuza baiskeli na mke siipati. (Mke nimeongeza tu. Usimwambie Syprose.)

Pili, usipoteze muda wako kwenye mbili na tatu. Zile valvu za kioo ni kama wazee wa kwenu: hazitoi neno tamu mpaka zipate moto. Dawa ni kuiacha ipige saba, halafu tuile ile nguvu njiani kabla haijafika masikioni mwa mzee wako. Nimekata koili ya jiko la umeme lililokufa, nikaipima vizuri. Iunge kati ya amplifaya na spika kama nilivyochora nyuma ya karatasi hii. Nguvu nyingi itageuka joto kwenye koili, na kidogo tu itaingia kwenye spika. Iweke juu ya tofali, mbali na shuka zako, maana itakuwa kama pasi ya makaa.

Kisha itoe spika kwenye kabati lake, uitie ndani ya sanduku la majani chai ninalompa Okemwa, uzungushie mablanketi yote uliyonayo. Maiki iingie humo humo, vidole viwili kutoka kwenye karatasi ya spika. Maiki iliyo karibu hivyo haijui kama spika inapiga kelele au inanong'ona. Inasikia utamu tu. Rekoda yangu nakuazima, itunze kuliko unavyojitunza.

La mwisho nalipigia mstari: sanduku likae katikati ya chumba, juu ya magunia. Lisiguse ukuta.

Na upige ule wimbo wetu "Majani Mawili" wote, usiniletee vipande.

Owino Amolo, Fundi


Kisii Mjini,
17 Juni 1973

Ndugu Owino,

Imefanya kazi! Naandika haya nikicheka peke yangu.

Jana walipokwenda kanisani nilifunga dirisha, nikafuata maagizo yako yote, nikamtuma Okemwa asimame nje ya ua karibu na mgomba wa mwisho. Nikaweka saba. Chumba kilipata joto kama kinu cha kusaga unga na koili ikawa nyekundu, lakini sauti iliyobaki ndani ya sanduku ningeweza kuizidi kwa kukohoa. Nikatoka nikamuuliza Okemwa amesikia nini. Akasema, "Ulikuwa umeanza?" Nilimkumbatia, akaniuliza kama ni mgonjwa.

Nilipoirudisha tepu nyuma na kuisikiliza, Owino, ni ile ile. Ni saba. Zile nyuzi nene ninazozipiga kwa kidole gumba, nilizojifunza nikiwa mdogo kwa kusikia obokano harusini, zinanguruma kama obokano wenyewe. Huo ni kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane, ndugu mnene wa nyatiti yenu.

Kuna mtu mmoja tu aliyebaki nyumbani: mama yake Mzee, Drusilla, aliyeletwa kutoka Gesima kwa ajili ya mguu wake. Analala upande wa pili wa ukuta wangu. Nilikuwa na hofu, lakini binti ya Mzee, Nyanchera, ameniambia bibi hasikii chochote. Hata uji ukiwa tayari ni lazima wampigie kelele sikioni. Kwa hiyo hapo hakuna hatari.

Tatizo limebaki moja, nalo ni mimi. Kila nikifika pale wimbo unapopanda mara ya tatu, kabla haujarudi nyumbani kwenye sauti ulikoanzia, naona kama nimesikia lango likilia. Vidole vinasimama vyenyewe. Naanza upya, nafika pale pale, nasimama. Nina mianzo saba kwenye tepu, yote haina mwisho. Jumamosi ijayo nitajaribu tena.

Wako mwenye nafuu,
Momanyi


Keroka,
21 Juni 1973

Omera,

Nimefurahi. Umesema umefuata maagizo yote, nami nakuamini, maana karani hasemi uongo, anajaza fomu tu.

Lakini huo ugonjwa wa kusimama siujui. Nina redio hapa hukata taarifa kila inapofika hali ya hewa. Nimegundua ni waya uliolegea. Tafuta waya wako. Mtu hawezi kwenda Kisumu na wimbo usio na mkia.

Owino


Kisii Mjini,
1 Julai 1973

Ndugu yangu Owino,

Jambo kubwa limetokea, nami sijui niko upande gani wa jambo hilo.

Tangu Jumamosi ya tarehe 23, niliporekodi mara ya pili na kusimama pale pale, nyumba ya Mzee imebadilika. Wazee wa kanisa wanakuja jioni, wanaongea kwa sauti ya chini. Nikipita wananyamaza. Nilijua ni habari yangu. Nilikunja nguo zangu, nikazipanga ndani ya begi.

Ijumaa Mzee aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Hajawahi kuufunga. Nikasimama. Akasema, "Keti." Sikuweza kuketi. Akasema, "Momanyi, wewe una mkono safi kwenye taipureta na hujui kusema mambo ya watu. Nina barua nne za jamaa. Zipige, uzitie posta leo." Basi! Nilitaka kucheka kwa furaha. Halafu nikaanza kuipiga ya kwanza. Nakuletea hapa, nimekutafsiria kutoka Kigusii:

*"Kisii, 29 Juni 1973. Ndugu yangu Angwenyi. Acha shughuli za chai hapo Gesima, uje na mkeo kabla ya Sabato ijayo. Mama anatuaga. Mguu unaendelea vizuri, si huo. Ameanza kumsikia Baba. Sabato mbili mfululizo, tulipokuwa kanisani, alisikia obokano wa Baba ukutani. Unakumbuka Baba aliuacha alipobatizwa, na sisi watoto hatukuusikia tena. Mama anaweka kiganja kwenye ukuta na kusema, 'Huyu hapa, anapiga.' Anasema Baba hufika karibu na mwisho wa wimbo kisha huacha, na kwamba anaacha kwa sababu anamngoja yeye afike ndipo aumalize. Tangu Jumatatu anakataa chakula. Anasema mtu anayekwenda kwa mumewe haendi ameshiba. Tumeomba, na wazee wa kanisa wameomba. Seremala nimemweleza. Njoo tumuage Mama akiwa na akili zake. Ni mimi, Onsongo."*

Owino, niliipiga hadi mwisho bila kosa hata moja. Ni mazoea ya vidole. Kisha nikaisoma.

Sasa nikuambie nililokuficha. Sikufuata maagizo yote. Chumba changu ni kidogo. Kitanda, meza, na lile dubwana. Katikati hapakuwa na nafasi. Niliweka sanduku kando ya ukuta, nikaweka blanketi katikati, nikafikiri blanketi linatosha. Ni ule ukuta wa bibi.

Barua zote nne ninazo mfukoni mwa shati. Sikuzitia posta. Sikumwambia. Katika maisha yangu sijawahi kuzuia barua ya mtu. Jana Jumamosi sikugusa gita, nikadhani bibi hatasikia kitu na ataacha. Nyanchera alikuja kuomba kiberiti, macho mekundu. Anasema bibi alishinda mkono wake ukiwa ukutani, na ilipofika jioni akasema, "Amenyamaza ili asikie nyayo zangu." Akaomba afuliwe gauni lake jeupe.

Nikisema, nimekwisha kazini. Nisiposema, sijui. Niambie.

Momanyi


Keroka,
3 Julai 1973

Momanyi,

Leo sitanii, au nitatania kidogo tu.

Nilikwambia sanduku lisiguse ukuta nikaona uvivu kueleza, kwa hiyo kosa hili tuligawane. Blanketi linazuia sauti inayokwenda na hewa. Zile nyuzi nene haziendi na hewa. Zinatikisa mbao za sanduku, mbao zinatikisa ukuta, ukuta unatikisa kitanda. Okemwa mwenye masikio mazima hakusikia kitu pale kwenye mgomba, na bibi asiyesikia alisikia kila kitu kwa kiganja na kwa mifupa. Fundi wa Kihindi aliyenifundisha kazi alikuwa akishika spika kwa vidole kuijua kama ni mbovu. Masikio yake yalikuwa yamekwisha.

Nilipoanza kukuandikia nilitaka kusema nyamaza. Rudisha amplifaya kwa Okemwa, tia barua posta, mambo yatapoa. Nimeiandika hivyo kabisa, Syprose akaisoma juu ya bega langu. Akasema, "Kwa hiyo huyo mama afe njaa akingoja mwisho wa wimbo, na mwenye wimbo yuko nyuma ya ukuta anakula?" Nikaichana.

Watu wetu wa ziwani tunasafiri mbali kwenda matanga, hilo unajua na mnatucheka. Lakini sijasikia safari ya kwenda kumzika mtu ambaye ugonjwa wake ni kusikia gita.

Kisumu itangoja, na isipongoja basi. Sema. Kama mdomo unakataa, una mkono safi kwenye taipureta.

Owino


Kisii Mjini,
4 Julai 1973

Kwa Mzee Onsongo,

Kwa heshima kubwa. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha yetu nisingethubutu kukuambia haya, wewe uliye rika la baba yangu. Kwa Kiswahili naweza kujifanya kwamba ni mambo ya ofisi.

Obokano anaousikia Mama si wa marehemu. Ni gita langu. Sanduku ulilouliza tarehe 31 Mei halikuwa na vitabu. Ni amplifaya ya gita, ambayo haina utamu mpaka ifunguliwe hadi saba, na saba ni kelele ya kusikika hadi sokoni. Niliogopa kukusumbua, kwa hiyo nikaifungia sauti yake ndani ya sanduku la majani chai, kwa blanketi na kwa koili ya moto, ili nirekodi bila mtu kusikia. Nilifanya hivyo Sabato mbili, tarehe 16 na tarehe 23, mkiwa kanisani. Niliambiwa sanduku lisiguse ukuta. Nililigusisha. Sauti ikapita kwenye mawe hadi kitandani kwa Mama.

Anayeacha wimbo kabla ya mwisho si marehemu anayemngoja mkewe. Ni mimi. Niliacha kwa sababu kila nilipofika pale nilidhani nimesikia lango, nikadhani ni wewe.

Barua zako nne ziko humu ndani. Sikuzitia posta. Kosa hilo ni kubwa kuliko la gita, nami silitafutii sababu.

Tafadhali mwambie Mama ale.

Kama ni kuondoka, naomba nimalize juma hili ili rejista ya wakulima isibaki nusu.

Mimi mtumishi wako,
Momanyi Nyasani, Karani


Kisii Mjini,
5 Julai 1973

Bw. M. Nyasani,

Barua yako ya tarehe 4 Julai imepokewa, chini ya mlango, pamoja na barua nne ambazo hazikupaswa kuwa kwako. Umechagua Kiswahili. Nami nakujibu kwa hicho hicho, maana kwa Kigusii ningelazimika kuanza kwa kukugombeza na nisingefika kwenye haya mengine.

Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama. Mara ya pili niliketi.

Kisha nikamsomea Mama. Nililazimika kupiga kelele sikioni mwake, sentensi moja moja, hadi jirani akaja mbio kuuliza kama amefariki. Nilipomaliza, mkono wa Mama ulikuwa bado ukutani. Akasema, "Kumbe siitwi." Nikasema, "Huitwi, Mama." Akasema, "Na mmeniacha siku kumi bila chakula?" Nilimkumbusha ni yeye aliyekataa. Hakutaka kusikia hilo. Amekula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akailaumu chumvi. Mke wangu alitoka nje akalia nyuma ya jiko, na mimi, kwa umri wangu, nilikwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote. Seremala nimemwarifu asiendelee.

Baadaye Mama aliuliza, "Na huyo mtoto, mbona hamalizi? Ana shida gani?" Kwa mujibu wa barua yako, shida yake ni mimi.

Hilo limenikalisha. Sikujua. Karani aliyekutangulia hakuondoka kwa sababu ya redio. Alichukua vitu vya ofisi, na kwa ajili ya mama yake, ambaye ni mjane, niliacha watu waseme ni redio. Sikufikiri kwamba atakuja kijana mwingine kuishi karibu nami akinyata kwa ncha za vidole miezi mitano kwa sababu ya maneno hayo.

Kuhusu barua nne: karani hazuii barua. Hata barua mbaya. Onyo hili ni la kwanza na halitaandikwa kwenye faili. Ninakuambia pia kwamba nafurahi hazikwenda, na mambo haya mawili nayasema yote.

Kuhusu kuthibitishwa kwako: fomu niliitia sahihi tarehe 15 Juni. Ilikuwa kwenye droo yangu ikingoja mwisho wa mwezi, kama kawaida. Naiambatisha.

Kuhusu koili: iondoke. Harufu yake tulidhani ni nyaya zinaungua, nikamwita fundi wa stima bure.

Kuhusu Sabato: hapana.

Jumapili tarehe 8, saa tisa alasiri, Mama ataletwa chumbani kwako kwa kiti. Anataka kusikia mwisho. Unaandika kwamba chombo hicho kinasema vizuri kikiwa kwenye saba. Kiweke hapo, wala usikifunike. Majirani nimewaarifu. Usijaribu kumpunguzia kwa heshima. Mama hasikii.

O. Onsongo


Kisii Mjini,
9 Julai 1973

Ndugu yangu Owino,

Tepu iko ndani ya kifurushi hiki. Ni moja tu, na ina mwisho.

Jana saa tisa walimleta. Mzee alishika kiti upande mmoja na Okemwa, ambaye alikuwa amekuja kubeba dubwana lirudi Keroka, akashika upande wa pili. Bibi alikuwa amevaa lile gauni jeupe. Nilipoliona nilishtuka, lakini Nyanchera akanong'ona, "Amesema limekwisha kufuliwa, lisipotee bure." Spika nilikuwa nimeirudisha kwenye kabati lake, bila koili na bila blanketi. Bibi akataka kiti kisogezwe mpaka magoti yake yakagusa mbao, akaweka viganja vyote viwili juu ya kabati kama mtu anayeota moto.

Mzee hakuingia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nje ya ua kulikuwa na watu, sikuwahesabu.

Nikaweka saba. Owino, sijawahi kuisikia ikiwa huru hewani, imejaa chumba kizima. Niliisikia kwenye meno. Vikombe vyangu viwili vilitembea mezani hadi ukingoni, na Nyanchera akavidaka. Nilipofika pale wimbo unapopanda mara ya tatu, lango lililia. Safari hii lililia kweli. Ni mtoto wa jirani aliyesukumwa na umati. Nikainua macho. Mzee alikuwa ananitazama. Akaitikia kwa kichwa kidogo tu, kama anavyofanya ofisini ukimwonyesha hesabu iliyolingana. Vidole vikaendelea, vikapanda, vikarudi nyumbani, na wimbo ukaisha. Nilikuwa nimesahau jinsi unavyoisha vizuri.

Nilisahau pia kuzima rekoda, na hili ndilo ninalotaka kukuuliza. Maiki ilikuwa pale pale mbele ya kabati, kwa hiyo baada ya uzi wa mwisho tepu imechukua sauti ya bibi, kubwa, kama wanavyosema watu wasiojisikia wenyewe. Amesema kwa Kigusii. Yule bwana wa Kisumu hataelewa neno, lakini atajua kuna mtu. Una mkasi na gundi ya tepu, ungeweza kumkata. Usimkate. Na ukitaka kujua amesema nini, ni hivi:

"Mume wangu alipiga vizuri kuliko huyu. Lakini huyu amefika."

Msalimie sana Syprose, na umwambie nimekula.

Wako, aliyethibitishwa,
Momanyi Nyasani